Papa, Haikuwa Shida ya Makaratasi

Papa,

Niko Joburg. Jumatatu nitatimiza wiki tatu hapa mtaani kwetu Observatory, nalala kwenye chumba chako cha kushonea. Mama bado amevaa nyeusi. Cherehani yako ameifunika shuka. Mimi nakula, naoga, nakwenda kiduka cha spaza kununua mkate, narudi. Silii. Mama anasema ni mshtuko. Sijui ni nini.

Unakumbuka ulivyohangaika kuielewa kazi yangu? Miaka mitano kule Amerika nacheza mpira wao wa kubeba mikononi, jezi za timu tatu, na kazi ni hiyo hiyo moja: nainama, narusha mpira nyuma katikati ya miguu yangu, mwenzangu anaupiga teke. Basi, natoka. Ukaangalia mechi nzima kwenye simu, halafu ukanipigia: "Kumbe mtoto wangu ni yule anayeonyesha kamera makalio?" Tulicheka mpaka salio likakata. Jumapili yake ukatangaza kanisani kwamba bila mimi hakuna mchezo. Haikuwa kweli, Papa. Watu wangelijua jina langu siku ambayo ningekosea tu.

Mama alinipigia Jumatatu, akasema umekwenda. Alhamisi nilikuwa na majaribio ya timu ya nne. Kocha akaniambia, "Nenda ukamzike baba yako." Lakini alikuwepo mwingine wa kazi yangu, ameshaitwa, anangoja nafasi. Nikabaki. Nikamwambia Mama makaratasi yamekwama, kwamba nikitoka hawataniruhusu kurudi.

Eish, Papa, hakuna aliyeuliza hata swali moja. Hapa nani hajasumbuliwa na makaratasi? Wewe mwenyewe hukumzika mama yako kule Bukavu kwa ajili ya makaratasi, ukamlilia mwaka mzima. Mimi nilikuwa na kila kitu, na pasipoti iko mfukoni. Nimeona video ya mazishi. Shemasi aliwasimamisha watu wote wakaniombea mimi, nipate kibali, na jeneza lako liko pale mbele yao.

Ile Alhamisi nilirusha vizuri. Hakuna mpira uliokwenda kombo. Jumanne wakaniacha nje ya timu. Hata hilo halikuniuma, na ndilo linalonitisha.

Jumamosi tunaondoa matanga. Mama atavua nyeusi, na mimi kifungua mimba natakiwa nisimame niwashukuru watu. Ameshawaambia kwamba Mungu amejibu, makaratasi ya mwanangu yamepatikana. Anawaambia huku anafurahi.

Nisamehe, Papa. Nilichagua mpira, na nilijua ninachokichagua.

Pumzika sasa. Wewe nimekuambia kwanza kwa sababu huwezi kunijibu. Mama yuko jikoni anasonga bugali, nasikia mwiko wake. Nakuahidi, nikishaandika jina langu hapa chini naingia kumwambia, na chochote atakachonijibu nitakisikiliza mpaka mwisho.

Mwanao,
Baraka