Nilivyoficha Ugonjwa wa Mumo

Dada Mwikali,

Kwanza ujue mtoto wako yuko hai. Anacheza hapa nje na watoto wa jirani. Mimi ndiye sina uso wa kukutazama.

Tangu ututoke, Mumo ametimiza miaka mitano na anacheka kama wewe. Lakini ngiri ilizidi kumsumbua, nikapewa siku ya operesheni Kajiado. Mama Peter, ambaye mwanawe anataka kunioa, alinisindikiza kutoka Kitengela.

Hospitalini waliniambia Mumo asile chochote asubuhi hiyo. Nikatii, mimi uliyenifundisha kumkorogea uji kabla hata hajaoga. Karatasi ya daktari uliyoniachia nilikuwa nayo kwenye mkoba, ile inasema mwili wake hauwezi kukaa na njaa, na lazima awekewe maji ya sukari kabla ya dawa ya usingizi.

Daktari wa usingizi akaniuliza, "Kuna ugonjwa wowote wa kurithi kwenu?"

Mama Peter alikuwa ameketi kando yangu. Nikakumbuka yaliyosemwa ulipomzika mtoto wako wa kwanza, eti damu ya kwetu ni mbaya.

"Hapana, daktari," nikasema.

Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika saa tano, Mumo akaniambia, "Auntie, niko na baridi." Kisha akalegea mikononi mwangu, jasho likimtoka. Hapo ndipo nilitoa karatasi. Nikampa nesi. Akamdunga kidole, akapata sukari imeshuka sana. Wakamwekea dripu mbio. Alipofungua macho, aliuliza uji wake uko wapi.

Daktari alisoma karatasi mara mbili. "Ningemlaza bila kujua haya," akasema, "pengine asingeamka."

Mama Peter hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia, mwanangu." Nilitamani angenigombeza.

Operesheni sasa itafanyika Nairobi, na atalazwa mapema awekewe dripu. Lakini dada, kuna jambo lingine. Mama yetu nilimwambia nesi ndiye alizembea. Amekuwa akimlaumu kanisani, kwa watu wote, na yule nesi ndiye alimwokoa mjukuu wake.

Jumapili naenda Kiserian kumwambia mama ukweli. Nitausema mbele ya wale wote walionisikitikia.

Lala salama, Mwikali. Siku ya operesheni sitangoja kuulizwa.

Mdogo wako,
Ndinda