Miwani ya Kukagulia Wadudu

8 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, bado nafua mashuka ya hoteli, mikono imechubuka lakini nasonga. Natumaini mama hajambo.

Sasa azalea zangu, yale maua ya getini. Nilizipanda mwenyewe na sitaki zife kwa uzembe wa mtu. Mizizi yake iko juu juu, kwa hiyo jembe lisipite. Magugu yang'olewe kwa vidole. Tandaza majani makavu ya msonobari, ila usiyarundike kwenye shina, litaoza. Majivu marufuku, hata kijiko. Zinataka udongo wenye uchachu, majivu yakiuondoa majani yanageuka manjano. Mwagilia maji ya mvua ya kwenye pipa. Na mkasi usizikaribie! Vitumba vya maua vimeshajifunga tangu mwaka jana. Ukikata sasa, umekata maua.

Kwenye kifurushi kuna miwani ya mama, kwa kipimo alichoandikiwa na daktari. Avae akague chini ya majani, kuna wadudu wadogo wanaofyonza. Nakuja mwezi wa nne kama kawaida, zikichanua. Wenzangu kazini wameshaanza kuulizia picha.

Dada yako

2 Februari

Shikamoo dada,

Hatujambo kiasi. Miwani imefika, inamkaa mama vizuri. Naandika haraka, niko karakana na pikipiki ya mtu inanisubiri.

Azalea zimekatwa. Zote, kuanzia getini mpaka kwenye bomba. Vimebaki visiki, kimo cha ndoo. Mwaka huu maua hakuna. Lakini wewe njoo tu, dada. Mama yupo.

Mdogo wako

15 Februari

Wewe,

Salamu baadaye. Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya chakula, nikaacha sahani pale pale.

Nilikuambia nini kuhusu mkasi? Nitumie lugha gani ndiyo uelewe? Zile azalea hazipukutishi majani mwaka mzima, hazikusumbui na ufagio, hazikuombi kitu ila kuachwa, na hata kuziacha kumekushinda! Ndivyo ulivyo tangu utoto, ukipewa saa lazima uifungue. Hukuandika hata nani kakata, maana unajijua.

Sasa nije kutazama nini, visiki? Nimeshamwambia msimamizi likizo siitaki. Nisalimie mama.

Dada yako, kwa bahati mbaya

3 Machi

Dada,

Shikamoo utaipata ukiistahili.

Sikukata mimi. Amekata mama.

Miaka yote hii macho yake hayaoni herufi, mimi ndiye ninayemsomea barua zako. Unajijua unavyoandika? Mama anapata "natumaini hajambo", azalea zinapata ukurasa mzima. Nikawa naongeza ya kwangu. "Dada anauliza goti limepoaje." "Dada anauliza kama unapata usingizi." Mama anajibu kirefu, anafurahi, mimi naitikia kwa kichwa kama vile nitakuandikia.

Halafu ukamletea miwani ya kukagulia wadudu! Mimi nilikuwa kazini. Akaivaa, na kitu cha kwanza alichosoma ni barua yako. Akaimaliza, akairudia. Niliporudi nilimkuta bustanini na mkasi, kapiga lile goti bovu. Nikamwambia acha mama, akasema, "Azalea anaziulizia mpaka mizizi. Hebu tuone huwa anakuja kwangu au kwa maua."

Nilinyamaza nisikuumize, ukaniporomoshea matusi. Na jibu la mama umeshalitoa: hakuna maua, huji. Sijamwambia. Mwambie mwenyewe, siku hizi anasoma.

Mdogo wako

18 Machi

Shikamoo mama,

Nimeandika kwa herufi kubwa usijichoshe. Goti linauma ukipanda ngazi tu, au hata ukikaa? Unalalia upande gani sasa? Lile jino la nyuma uling'oa? Bado unalala na redio sikioni? Majibu yote uliyonipa, huyo mwanao hakuniandikia hata moja, na hilo limenichoma.

Nina hasira naye. Nina hasira na wewe pia, mama. Ungenisema mimi, ungenitukana hata, ningelia tukamaliza. Makosa yangu mwenyewe siyasemi hapa, tutayasema uso kwa uso.

Nimerudi kwa msimamizi kubembeleza, kanicheka kwanza, halafu kanipa mwezi wa nne wote, siyo zile siku mbili tatu za kila mwaka. Nafika Jumamosi ya kwanza. Usiponifungulia nitakaa getini.

Mwanao

29 Machi

Shikamoo dada. Umeistahili, kidogo.

Mama amesoma barua yako mezani, kidole kinafuata mstari. Alipofika mwisho akageuza karatasi, akatazama nyuma, akakung'uta na bahasha. Alikuwa anatafuta azalea. Hakuzikuta. Akavua miwani, akakaa anaifuta muda mrefu.

Usidhani kasamehe. Anasema wewe mkaidi na mimi mwongo, na hajui sisi tulimtokea wapi. Tangu juzi chai najitengenezea mwenyewe. Jino bado lipo, anasema utaliona ukija.

Anasema pia uje na glavu. Visiki vimeanza kuchipua, magugu yamejaa, na yeye kwa goti lile hawezi kuinama.

Mdogo wako