Hendeli ya Baba

Tangini, Kibaha. Jumapili, Julai 1982

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, sasa jua linawaka. Wenzangu wamejinyoosha baada ya chakula, nami nimejifungia chumbani na daftari hili. Hapa hakuna anayesoma ila mimi, basi niseme ukweli.

Namwonea wivu kaka yangu.

Safari ya leo niliipanga mimi. Kwenye shamba la zamani la mkonge, upande wa Mlandizi, kuna banda la magari ya kale. Kabla ya Uhuru baba alikuwa dereva wa Mgiriki aliyelimiliki shamba lile. Baada ya Azimio shamba likawa la umma na magari yakabaki bandani. Fundi mmoja mzee wa Kinyamwezi ameyasugua, ameyapanga mstari, na kila moja ameliandikia mwaka wake kwa chaki. Siku hizi watu wanakwenda kutazama kama makumbusho.

Baba anaishi kwangu, na kwa wiki nzima alikuwa akiuliza Jumapili lini. Nikaazima Pijo ya jirani. Tatizo ni kwamba mimi sijui kuendesha. Ikabidi nimwite kaka Kondo kutoka Msimbu, dereva wa trekta la kijiji.

Gari nimeazima mimi, usukani kashika yeye. Baba akakaa mbele, pembeni yake. Mimi, karani mzima, nikabanwa nyuma na mke wangu na watoto.

Bandani baba alikwenda moja kwa moja kwenye gari jeusi la mwisho. Alilipapasa boneti kwa kiganja, taratibu. Kisha akawaita wanangu. "Njooni muone. Hapa ndipo nilipompakata baba yenu mkubwa akashika usukani. Miguu haifiki chini, lakini gari linakwenda."

Watoto wakamtazama Kondo kwa macho ambayo mimi hawajanitazama nayo hata siku moja. Nikangoja baba afike kwenye sehemu yangu. Hakufika. Mimi sina sehemu katika gari lile. Kila nilipolisogelea utotoni niliambiwa, "Wewe kasome."

Na nilisoma. Nina meza ofisini, nina viatu vya kubadilisha, na miaka yote hii nimekuwa nikimhurumia Kondo, nikidhani ananionea wivu. Kumbe kidonda kilikuwa kwangu.

Fundi akasema gari bado linawaka, likipata mtu wa kupiga hendeli. Hendeli ni kile chuma kilichopindwa, unakichomeka mbele ya gari na kuizungusha injini kwa nguvu za mkono. Baba akakiokota, akamnyooshea Kondo bila hata kufikiri.

Nikakipokonya njiani. Nikasema leo niachieni mimi.

Nilikishika kama mpini wa jembe, vidole vyote vimekizunguka. Nikasukuma. Injini ikakataa, hendeli ikarudi nyuma na kunipiga kwenye gumba. Nililia mbele ya wanangu.

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mzaramo, asiyefunzwa na babaye hufunzwa na hendeli." Ni mtani wetu, na utani hauna kesi, nikajilazimisha kucheka. Lakini alikuwa amesema kweli tupu.

Baba hakucheka. Alinishika mkono akaanza kunifunga kwa leso yake, huku akigomba. "Mara ngapi nimekwambia gumba lisizunguke? Liweke upande mmoja na wenzake, halafu uvute kwenda juu."

"Hukuniambia mimi, baba. Ulimwambia Kondo."

Leso ikasimama. Baba akasema, "Vijana wengi walivunjika mikono hapa. Wako ulikuwa wa kalamu. Ungevunjika ungeandikia nini?"

Kwa hiyo nilikuwa nikilindwa. Nilijisikia mwepesi, na nitasema na hili, ingawa ni aibu: nilimgeukia Kondo ili nihakikishe amesikia.

Alikuwa amesikia. Alikuwa ameinama anachomeka hendeli. Akauliza polepole, bila kumtazama mtu, "Na wangu, baba, ulikuwa wa kuvunjika?"

Mke wangu akawavuta watoto kando kana kwamba kuna gari jingine la kutazama.

Kondo akapanga vidole vyake, gumba pamoja na wenzake, akavuta mara moja kwenda juu. Injini ikawaka. Banda zima likatetemeka, watoto wakapiga makofi, na baba akafuta macho kwa kiganja, maana leso ilikuwa kwangu.

Tulirudi kabla ya saa nane, maana Jumapili baada ya hapo magari binafsi yanazuiwa barabarani. Kondo alirudisha funguo kwa jirani, akakataa chakula, akachukua baiskeli yake. Nilimsindikiza hadi barabara kuu nikitafuta la kumwambia, nikaishia kumwambia asalimie wifi yangu... hapana, shemeji. Hata ulimi ulinipotea.

Mungu anisamehe. Najua sasa kwamba aliyesukumwa pembeni ndiye aliyehurumiwa. Lakini injini ile ilipowaka, kama ningeambiwa tubadilishane mikono, ningempa wangu palepale.

Jumamosi nitakwenda Msimbu. Sijui nitaanza na "nisamehe" au "nifundishe".