Sebule ya Bibi Imegeuka Seti, Bibi Yuko Uani

Wanabaraza wangu, vuteni viti, kama vipo. Barua ya leo imetoka Kariakoo. Nimeisoma, nikafuta miwani, nikairudia. Isomeni na ninyi kwanza.

Anti Clotilda, shikamoo, naomba uniokoe kabla ya Jumatatu maana Jumatatu fundi anakuja kubomoa na mimi nimechoka, hata kuongea nimechoka. Naitwa Zahoro, nina miaka ishirini na tatu, naishi kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Waridi, nyumba ya zamani huku karibu na Msimbazi, kazi yangu nachora na kushona, sijasomea popote, nimejifundisha kwa simu na kwa kuangalia picha, na kilichonianzisha ni picha moja ya babu marehemu ipo ukutani sebuleni, kavaa suruali ya bugaluu imefunika kiatu, viatu vyenyewe raizoni, soli nene kama tofali, nywele duara, kola imefika begani, bibi yuko pembeni na kigauni cha maua makubwa, na nyuma yao makochi haya haya ambayo mpaka leo yapo. Anti, siku niliyoitazama ile picha vizuri nilichanganyikiwa. Sisi siku hizi kila kitu kijivu, sofa kijivu, ukuta kijivu, hata harusi zimekuwa kijivu, halafu hawa watu walipaka ukuta rangi ya chungwa na hawakuogopa.

Basi nikaanza. Nikasugua makochi, mikono ya mbao ikang'aa, nikapaka ukuta miduara ya chungwa na kahawia na njano ya haradali, nikatundika mapazia ya maua, redio ya mbao yenye miguu nikaitoa stoo japo haiongei, nikaposti, na watu wakaja. Wanakuja wasanii kushuti video, wanakuja maharusi, juzi kaja dada mmoja wa Upanga anaitwa Ekta, kagusa kochi, akasema kwa babu yake lilikuwepo kama hili, wakalitupa. Bugaluu nawashonea mwenyewe, wanavaa wanapigwa picha. Yaani kwa mara ya kwanza nikaona kumbe na mimi nina kitu.

Sasa bibi. Mwanzo alikuwa anacheka tu. Nilimuuliza ile rangi ya chungwa ya zamani waliichaguaje, akasema, "Tuichague wapi, mume wangu, ndiyo iliyobaki dukani." Nikamuuliza raizoni za babu ziko wapi, akasema, "Za kuazima zile. Na zilimbana, picha ilipopigwa tu akavua, akashinda pekupeku." Ananiita mume wangu tangu nikiwa mtoto, unajua utani wa bibi na mjukuu, nikichelewa kurudi ananiuliza nimeongeza mke wapi.

Tatizo limekuja Ijumaa iliyopita. Tulikuwa tunashuti, taa zinawaka, sebule imejaa, mara akaingia Bi Nasreen, shoga yake bibi wa tangu ujana, katoka Buguruni na goti lake bovu. Nikawaambia kwa heshima kabisa, bibi zangu, naomba mkae uani kidogo tumalize, nikawapelekea kiti cha plastiki, na kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja bibi akageuza ndoo akakalia. Nikamsikia Bi Nasreen anamwambia, "Shoga, kumbe siku hizi hapa umepanga?" Bibi akacheka. Nikajua yameisha, utani wa wazee. Kesho yake asubuhi akaniita Zahoro. Zahoro, chai ipo mezani. Zahoro, funga mlango. Halafu akamwita fundi Anselmi akapima sebule, anataka marumaru, dari la jipsamu lenye taa za buluu, na sofa la kijivu, Anti, la kijivu, makochi anasema atampa mama lishe wa hapo kona akayafanye kuni. Namwambia bibi hivi vitu ni vya thamani, ananijibu, "Thamani unaiona wewe. Mimi naona springi."

Mama yangu kanijibu kwa kifupi tu, nyumba ni ya bibi. Wateja wanapiga simu, silali vizuri. Nimwambieje huyu mzee aelewe kwamba anaua kitu kizuri?

Zahoro, Kariakoo

Zahoro, marahaba.

Na mimi nimechoka, mwanangu, ila kwa sababu nyingine. Kila wiki naletewa barua ya mtu anayetaka nimsaidie kumwelewesha mwenzake, na kila wiki aliyeandika ndiye hajaelewa.

Nikupe haki yako kwanza. Jicho unalo. Mimi nimewahi kuvaa raizoni, kifundo cha mguu wangu wa kulia kinanikumbusha kila mvua ikikaribia, na bado nikiona bugaluu iliyokatwa vizuri, imebana pajani halafu ikafunguka toka gotini, moyo unaniruka. Tulivaa tuonekane. Fundi akichonga kochi, alijua litarithiwa. Kama umejifundisha peke yako kuyaona hayo, sikunyang'anyi.

Lakini ulimkalisha bibi yako kwenye ndoo.

Umeandika mwenyewe, haraka haraka, kati ya taa na kiti cha plastiki, ukapita. Mimi nilisimama hapo hapo. Yule mwenye kigauni cha maua makubwa unayewaonyesha wateja ukutani, ndiye uliyemtoa nje ili upige picha makochi yake. Na Bi Nasreen hakuwa anatania. Mgeni mwenye goti bovu huingizwa ndani akapewa pa kukaa pazuri kuliko mwenye nyumba, hilo wewe mtoto wa Kariakoo huhitaji kufundishwa na mimi. Bibi yako kaaibika mbele ya shoga yake wa ujana. Kwa kuwa hawezi kukufukuza wewe, anayafukuza makochi.

Tena hata kama hayapendi tu, ana haki. Wewe enzi ile unaingia na kutoka, picha zikiisha unavua bugaluu unavaa jinzi. Yeye hajapata kutoka, kabaki nayo na springi zake. Taa za buluu za dari mimi nazichukia, zinanifanya nijione niko baa. Ila mwanamke aliyepaka rangi iliyobaki dukani, leo akitaka kuchagua, mwache achague.

Sasa fanya hivi. Leo wapigie wateja wote, waahirishie. Jumapili chukua bajaji mpaka Buguruni, mlete Bi Nasreen, mkalishe kwenye kochi kubwa na bibi yako pembeni yake. Chai uandae wewe, vitumbua ulete wewe, na ile ndoo uikalie wewe. Fundi usimtaje, thamani usiitaje. Omba radhi mgeni akiwa amekaa, maana aibu iliingia mgeni akiwepo. Jumatatu Anselmi akija, beba makochi kwa mikono yako, mwombe bibi akupe badala ya kwenda jikoni kwa mama lishe. Akikataa, sema sawa, usinune. Akikubali, katafute chumba chako, upake miduara mpaka darini. Mapenzi ya vitu vya zamani yanataka pa kukaa, na pa kukaa patafute mwenyewe.

Usitegemee kuitwa mume wangu siku hiyo hiyo. Mke aliyekalishwa kwenye ndoo harudi kwa sahani ya vitumbua. Siku atakayokuuliza umeongeza mke wapi, ndipo ujue umesamehewa.

Wanabaraza, nawaachia. Taa zinawaka, wateja wamejaa kwenye makochi, na mlangoni kasimama shoga wa bibi yako na goti lake bovu. Wewe ungemwinua nani ampishe?