Neno Nililolitoa Kaburini kwa Radjabu

Jumatatu, 3 Juni
Kosa la wengi ni kumlipa mdai mlangoni ili anyamaze.

Nimemwagilia lengalenga, mchicha wangu wa uani, kama kawaida. Kabla sijamaliza, pikipiki ya wadai. Vijana wawili, mashati safi. Wametumwa na nyumba ya mikopo alikokopa mdogo wangu Radjabu. Tulimzika mwezi uliopita. Nilisimama kando ya kaburi nikasema, kama desturi yetu Waislamu inavyotaka: anayemdai marehemu aje kwangu. Fundi cherehani alikuja, akasamehe. Mwenye duka la dawa nilimlipa. Hili deni sikulijua.

Mkubwa wao alipaza sauti ili mtaa mzima wa Mikelenge usikie: "Mwalimu, weye njo ulisema pa kaburi! Mungu alisikia, na siye tulisikia."

Jirani yangu Mama Feza akamjibu juu ya ua: "Muko na haraka, baba! Hata malaika hawajamaliza kumuuliza maulizo yao!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Juni
Zaina, mjane wa Radjabu, ameniambia yote. Yeye ndiye aliyetia sahihi kama mdhamini. Kila mavuno naye hukopa hapo hapo kununua mpunga kule Kailo, auuze sokoni. Akiandikwa kuwa halipi, hakuna atakayemkopesha. Wakopeshaji huambiana. Watoto wanne wanakula kwa mpunga huo.

Radjabu alikuwa akilipa, anasema. Kila juma, hapo mlangoni. Kwa vijana wale wale. Risiti? Hakuna. Aliona aibu kuiomba. Kwetu kumwomba mtu karatasi ni kumwita mwizi.

Nimeogopa.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya sala nimekwenda ofisini kwao. Karani ni mpole. Hilo limenikasirisha zaidi.

"Mzee, mashini haioni kitu. Pesa ya mukononi haina jina."

Neno la kaburini halinifungi, amesema. Sahihi ya Zaina ndiyo inayofunga. Na faini inapanda. Malipo yote ya Radjabu yameliwa na wale vijana. Hatuna ushahidi.

Jumamosi, 8 Juni
Wamemvizia Zaina sokoni. Wamechukua mizani yake mbele ya wateja. Alikuwa amewapa akiba yake yote asubuhi, ili wasipige kelele. Mlangoni tena. Bila risiti tena.

"Shemeji, nilisikia haya sana," amesema. Sikumgombeza. Nimekaa naye tu.

Wakati wa vita askari walichukua mbuzi wetu. Hatukudai karatasi, walikuwa na bunduki. Hawa wana pikipiki tu, na bado tunawapa.

Jumapili, 9 Juni
Nimeuza baiskeli.

Miaka ya vita treni ilipokoma, baiskeli hiyo ndiyo iliyotuletea chumvi. Mimi nikishika usukani, Radjabu akisukuma nyuma. Watu walikopa kikombe cha chumvi kwa neno la mdomo tu, wakalipa, hata wenye njaa. Aliyevunja neno hakupewa kikombe cha pili, na mji mzima ulijua. Wanafunzi wangu wakiniuliza jina jema ni nini, niliwaeleza hivyo: ni kile kikombe cha pili.

Mnunuzi ataitumia kubebea mkaa. Nimeshindwa kuitazama ikiondoka.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekwenda ofisini kwao na Zaina. Tumelipa dirishani sehemu ya deni, tumeandikiana malipo ya kila mwezi. Nimeomba risiti kwa sauti. Karani akapiga muhuri bila kuudhika. Kumbe haikuwa tusi.

Jina la Zaina halikuandikwa kati ya wasiolipa, ila mkopo wa mavuno haya wamemnyima. Atauza mpunga wa watu wengine, kwa mizani ya kuazima. Mizani yake haijarudi, na vijana wale bado wana kazi.

Jumanne, 11 Juni
Mvua kidogo. Lengalenga halikuhitaji maji.

Nimepita makaburini. Radjabu, neno langu nimelishika, ila kwa njia nyingine. Nikirudi nimekuta pikipiki ile ile ya wadai imesimama kwa Mama Feza, naye anatafuta pochi. Nimemwita pembeni nikamwambia neno moja:

Leo usilipe mlangoni. Nenda dirishani mwenyewe, na usiondoke bila risiti.