Kaka Amechota Kadi Nyekundu

Kijijini Nong Phai,
14 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba jua la huko jangwani halijakuzidi nguvu. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, Bibi anakula vizuri, na nyati wetu wa kulimia amezaa ndama jike. Chuoni nimeomba ruhusa ya wiki mbili nisaidie kupandikiza mpunga.

Uliuliza ilikuwaje Kaka Khampon akaingia jeshini, na kwa nini hatukukuandikia mapema. Mama alikuwa akingoja apate maneno mazuri ya kukueleza. Hajayapata, kwa hiyo amenipa mimi kalamu.

Siku ya kuchota kadi za jeshi, mwezi wa Aprili, tuliitwa kwenye shule ya wilaya. Vijana walikuwa tisini na wawili, na waliotakiwa ni thelathini. Kabla ya kuchota walivua mashati wakapimwa vifua, na daktari akamuuliza kila mmoja kama ana maradhi. Sai, mtoto wa mwenye kinu, alisema ana pumu, akakohoa hadi akatokwa na machozi. Daktari akamwambia pumu hiyo imeanza asubuhi ile ile, avae shati lake akapange foleni. Kaka alipoulizwa alisema hana maradhi yoyote. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya kamba, hatua sita hivi kutoka meza ya daktari.

Sai akachota nyeusi, ya kurudi nyumbani, akaanguka akazimia kwa furaha. Watu wakacheka, wakasema hawajaona aliyenusurika ndiye anayebebwa. Kaka akachota nyekundu. Mama alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Kaka mwenyewe alikwenda kuandikwa jina kama mtu anayekwenda dukani kununua barafu.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kuwatembelea makuruta. Tulibeba kuku wa kuchoma, wali wa kunata na saladi ya papai bichi. Kaka amenyolewa, amekonda, na shingo imekuwa nyeusi. Yuko katika rejimenti ya askari wa miguu, kama ulivyosikia. Sajini wao, Chaluai, alikuja kwenye mkeka wetu akamwambia Mama kwamba mwanawe ni kobe: akiambiwa kushoto geuka, anangoja kwanza jirani yake Manop ageuke, ndipo naye ageuke. Akasema amemzungusha uwanja mzima na bunduki kichwani, wapi. Halafu akasema hata hivyo katika kulenga shabaha hana mwenzake kombania nzima. Bunduki zikilia, wenzake wanakunja uso kama wamelamba ndimu, yeye hata kope haichezi. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu Aprili. Nilimtazama Kaka. Sikumbuki lini mtu mwingine aliwahi kumsifu mbele ya mzazi wake.

Baada ya kula, Mama alikwenda kuwagawia wali makuruta wasiokuwa na wageni. Hapo ndipo Kaka aliponiambia kwamba katikati ya Julai wanapelekwa mpakani, kwenye kile kilima ambacho mizinga hailali. Amechaguliwa kukaa lindo la mbele kwa sababu ya shabaha yake. Nilimuuliza nani atakaa kushoto kwake. Akasema Manop, anajua kila kitu. Nikamuuliza, je, Manop akisinzia, au akipigwa? Akanicheka, akasema mdogo wake amesoma mpaka anaogopa mambo ambayo hayajatokea. Kisha akaacha kucheka. Akasema nimenyamaza miaka kumi na miwili, nisishindwe na miwili ya jeshi iliyobaki.

Baba, Kaka hasikii kwa sikio la kushoto. Hasikii kabisa, na aliyeliua ni mimi.

Ulikuwa msimu wa kurusha roketi za mwanzi za kuomba mvua, nami nilikuwa na miaka saba. Tulitengeneza mzinga wa mwanzi kwa mafuta ya taa. Aliinama kutazama ndani, akaniambia ningoje. Sikungoja, nikatia moto. Alijiosha damu ya sikio bwawani, akaniambia nisiseme kwa sababu nitachapwa. Mwaka uliofuata mwalimu akamweka nyuma, karibu na dirisha, akasema mtoto huyu anaota mchana. Nawe ukasema kichwa chake kizito, aachie darasa la nne akachunge nyati, na Rattiya anayeshika mambo ndiye asome. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Nilinyamaza. Kila cheti nilichokuonyesha tangu siku hiyo, ulikifurahia bila kujua kilitoka wapi.

Na siku ya kadi, sentensi moja kwa daktari ingetosha. Nilijiambia kwamba siri ni yake na nisiitoe bila idhini yake. Haikuwa kweli, siri ilikuwa yangu.

Jana nilimtumia barua daktari wa rejimenti, nikamweleza yote kwa jina langu. Huenda watamwondoa lindoni, huenda watamrudisha nyumbani. Atapoteza mahali pekee alipopata kusifiwa, na atajua ni mkono wangu tena. Pengine hatasema nami. Nimelifikiria hilo usiku na mchana, na bado naona bora anichukie akiwa hai.

Leo asubuhi nilimwambia Mama alipokuwa akiosha mchele. Alimaliza kuosha, akafunika chungu, kisha akaniuliza ni sikio lipi.

Barua hii naiposti sasa hivi, siku moja baada ya ile ya daktari, ili usiweze kunizuia, wala mimi nisiweze kujizuia.

Mama na Bibi wanakusalimu sana. Jirani zetu wote wanakuulizia. Jitunze, na usifanye kazi na homa kama mwaka jana. Ukimwandikia Kaka, usimwombe anisamehe. Mwambie tu kwamba sasa unajua kichwa chake hakikuwa kizito.

Mwanao,
Rattiya