Mfuko Nyuma ya Rido

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Jumanne, Julai 2013

Niache kushona viraka! Njo shauri Bwana Aimable amenipa leo, ule mshauri wa biashara kanisa yetu ilinitafutia, anatokaka Chilinde, kule mjini, kila Jumanne.

"Uza marobe tu, haya magauni mazuri," anasema. Viraka njo vinalisha batoto bangu!

Nilitaka kumufukuza. Kisha nikaangalia kaduka kangu na macho yake: meza safi, maua ya plastiki, marobe mapya kwenye ukuta, yote nimeazima kwenye duka ya jirani Furaha. Kila akikuja ninafanyaka hivyo. Kwetu Bukavu mgeni haonyeshwi matambara. Mfuko ya masuruali yenye kupasuka ninaifichaka nyuma ya rido, hii pazia ya chumba.

Nikaivuta, nikaimwaga mbele ya viatu vyake. Nikamwambia: "Kazi yangu njo hii. Marobe ni ya Furaha."

Akainama, akaokota suruali moja, akageuza mushono.

"Mama Neema, kumbe hii miezi yote nilikuwa ninashauri duka ya Furaha?"

Duka ya Furaha! Na chai yote amekunywa kwangu.